Karani wa Dirisha la Pili

Kabla hajakuuliza neno, karani wa dirisha la pili huvua miwani, huifuta kwa ncha ya tai, kisha huivaa na kukutazama kana kwamba hamjuani. Léonise, mfungashaji wa kaa, anamjua fika. Mwaka wa tatu huu anakuja kuomba posho ya wasio na kazi, maana kiwanda hufungwa bahari ikiganda. Sauti ya karani ni ileile, kavu, ya mtu aliyechoka kusoma sheria asizozitunga.

"Ombi la tatu, dada. Sasa kazi yoyote ikipatikana karibu, lazima uichukue. Ukikataa, posho inakatwa."

"Kazi gani, na barafu yote hii? Kukamua nyangumi?"

Hakucheka. Akavua miwani tena, ingawa alikuwa ametoka kuifuta. "Ipo moja tu. Hii yangu. Mkataba unaisha Ijumaa, nafasi imetangazwa upya, na mimi nimeiomba." Akashika kalamu. "Unajua kuchapa kwa kompyuta?"

Miaka kumi na mmoja Léonise ndiye anayechapa orodha za zamu kiwandani. Akaitazama ile tai, ncha imechakaa kwa kufutia miwani.

"Hata kuiwasha sijui," akasema.

Karani akaliandika jibu hilo polepole, neno kwa neno, bila kuvaa miwani.