Sajini na Siagi ya Mjane
Kiangazi kile cha uasi wa jimbo la Wexford, sajini wetu alitusomea amri kila asubuhi, kidole kikifuata maneno, maana kusoma kulimpa taabu: atakayewaibia raia atachapwa mijeledi mia mbili. Sauti yake ilikuwa nzito, lakini viatu vyetu vilivyochanika alivishona mwenyewe, akinung'unika, "Mnakanyaga kama punda, nyie!" Siku moja mjane aitwaye Bi Kehoe akaja kambini kulalamika kwamba Felim Tormey, mwenzangu wa safu, kamwibia siagi. Kapteni akamwamuru sajini amchape pale pale. Felim akavuliwa shati, akafungwa mtini, mbavu zikihesabika. Mjane akaziba mdomo kwa kiganja. Sajini akauweka mjeledi chini, akamwendea mjane.

"Mama, aliiba, au ulimpa ukasahau? Usiharakishe kujibu."

Yule mama akazitazama mbavu za Felim. "Nilimpa," akasema. "Alikuwa na njaa."

Kapteni akaguna, akaenda zake. Sajini akamfungua Felim, akamvisha shati, akawa anafunga vifungo kimoja kimoja kama anayemwandaa mtoto kwenda misa.