Daktari Aliyemaliza Figo za Mama Ndiye Anafundisha Usalama wa Wagonjwa

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana hapa Toronto Waswahili tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 43, Mtanzania, naishi Etobicoke na mama yangu mzazi.

Miaka mitatu iliyopita mama alilazwa kwa maumivu ya mgongo. Figo zake zilikuwa dhaifu tangu tukiwa nyumbani Tanzania, na kuna dawa za maumivu hatakiwi kabisa kuzigusa. Nikaziandika kwenye karatasi, nikampa daktari mkononi, nikaenda kazini. Mama yangu ni wa kizazi kile, mwenye koti jeupe habishiwi. Kila alichoulizwa aliitikia, "Yes, doctor." Wakamchoma mojawapo ya dawa hizohizo siku nne. Leo anasafishwa damu mara tatu kwa wiki.

Mwezi uliopita chuo cha udaktari kiliniomba nikawasimulie wanafunzi yaliyotukuta, kwenye somo la usalama wa wagonjwa. Sharti lao moja, nisitaje jina la mtu. Nikaenda kwanza kusikiliza kipindi. Mwalimu nani? Daktari yuleyule! Hata hakunikumbuka. Akawa anafundisha kisa cha mama yangu, eti "familia haikutuambia chochote." Na wanafunzi wanaandika. Jamani, damu ilinichemka.

Hajui kwamba nilishaomba faili la mama. Karatasi yangu imo, na chini kuna sahihi yake kwamba ameisoma. Nimetoa nakala za kutosha darasa zima. Nataka aumbuke mbele ya haohao anaowafundisha, akose pa kuweka uso. Sioni haya kusema, kila nikiwaza hiyo siku nafurahi.

Shida ni mama. Aliziona nakala mezani, akanishika mkono. "Mwanangu, ukimuumbua hivyo, hao watoto siku wakikosea si wataogopa kusema? Wataficha kama yeye."

Nikamjibu kwa hasira, "Mama, hiyo yes doctor yako ndiyo imetufikisha hapa." Tangu juzi hatuongei vizuri, na hilo linaniuma sana.

Alhamisi asubuhi nasimama mbele yao. Nakala ziko kwenye mkoba. Nizigawe, au nimsikilize mama? Semeni ukweli wenu. Ila anayetaka kuniambia nisamehe, kwanza akakae na mama pale kwenye mashine saa nne nzima, ndipo aje kukomenti.