Wallpaper yangu ilivyovujisha mkeka wa harusi ya dada

Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili, waliobaki habari zenu.

Ninachosimulia ni kweli tupu. Mwenye shaka aje Kirongwe aulizie nyumba ya yule jamaa asiyetoka nje, ataletwa mpaka mlangoni.

Mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza form four, nikakaa kusubiri matokeo, matokeo yakaja, nikaendelea kukaa. Mama akipata wageni hunitambulisha hivi: "Na huyu ndiye kufuli letu."

Kazi yangu, kama tunaruhusiwa kuiita kazi, ni kutengeneza wallpaper za simu. Si za maua wala magari. Natengeneza abstract, rangi na maumbo tu, kitu usichoweza kukipa jina. Napiga picha chochote kilichopo nyumbani, naingiza kwenye laptop, nakivuta, nakikunja, napandisha layer juu ya layer mpaka chenyewe kikijiona hakijijui.

Kuna jamaa niliwahi kumtumia ya kifuniko cha sufuria, akaniuliza hii sayari gani. Sikutaka kumharibia siku.

Sasa dada yangu Rukia akapata mchumba, mtu wa kijiji cha Kanga.

Katika ukoo wetu mama wa bibi harusi husuka mkeka wa ukindu kwa mkono wake mwenyewe. Nakshi lazima iwe mpya, na upande wa bwana hawauoni mpaka siku unapotandikwa mbele yao.

Kwa Mama hili halikuwa jambo dogo, maana shangazi wa bwana harusi ni Bi Mwanahawa. Huyo mama kwa kusuka anaogopwa Kanga nzima. Anaweza kukusifia mkeka wako mpaka ukautupa.

Mama alisuka miezi mitatu, mlango umefungwa. Alitaka jambo moja tu: Bi Mwanahawa autazame ule mkeka akose la kusema.

Nadhani mmeshajua nani aliharibu.

Siku hiyo Mama alikwenda Kilindoni kutafuta rangi ya kuchovyea. Nikachungulia chumbani. Wakuu, zile rangi! Zambarau imepanda juu ya njano, kijani inapita kwa chini kama ina haraka. Vidole vikaniwasha. Nikapiga picha moja.

Nilijua ni siri. Mjinga wa kiwango hicho sikuwa, nilikuwa wa kiwango kingine.

Nikasema nitaificha. Nikaipitishia filter ya pixelate, ile inayovunja picha kuwa viboksi viboksi. Mkeka ukapotea, vikabaki vimraba vya rangi vimejipanga. Nikatia mwanga kwa juu, nikatia kivuli, nikaipa jina la Kiingereza ambalo hata mimi sikulielewa, nikaitupia status.

Ilikuwa wallpaper nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nilicheka mwenyewe mbele ya laptop kama mtu anayetekenywa. Shemeji mtarajiwa akaiomba, nikamtumia full size kwa roho safi. Akaiweka kwenye simu yake. Halafu akaenda kula kwa shangazi yake na simu akaiweka mkekani.

Kesho yake Mama anakuna nazi, ikaingia voice note. Sauti ya Bi Mwanahawa, laini kama anatoa pole:

"Assalaam aleykum, mwenzangu. Mkeka mashallah, mkono wako haujazeeka. Ila kwenye ukili wa tatu njano imekuruka moja. Fumua mapema mwenzangu, harusini kuna watu."

Ukili ni kile kipande kirefu kinachosukwa. Ukishapata vya kutosha unavishona pamoja, unapata mkeka. Mama akaacha nazi, akaingia chumbani, akahesabu ukili wa tatu.

Njano ilikuwa imeruka kweli.

Niwaeleze kosa langu lilipo. Msukaji hatazami picha, anahesabu. Kila jani linapopita juu ya jingine, kwake hicho ni kiboksi. Sasa mimi kwa akili zangu nikachukua mkeka, nikaugeuza viboksi vikubwa vinavyohesabika vizuri, nikampelekea mtu aliyehesabu viboksi tangu hajaota meno ya pili. Nilidhani nimefunga mlango, kumbe nimemwandikia maelekezo ya njia.

"Mama, mimi niliificha," nikajitetea.

"Uliificha kwenye simu ya mwanamume wa Kanga."

Rukia alicheka mpaka akakaa chini. "Kufuli limejifungua lenyewe leo," akasema, kisha akanipokonya simu. Sikuiona tena mpaka harusi ikapita.

Zilibaki wiki tatu. Kusuka mkeka mzima upya haiwezekani, hivyo Mama akaamua kili za pembeni zibaki, za katikati zisukwe nyingine. Na nakshi?

"Kaa kitini," Mama akaniambia. "Tunga."

Akavuta kigoda nyuma yangu. Wakuu, kama hujawahi kufanya design huku mama yako anakupumulia shingoni, hujafanya design.

Nikamwekea gradient moja hatari.

"Hiyo rangi inayoyeyuka naipata wapi? Ukindu unachovya sufuria moja, unatoka rangi moja."

Nikashusha mpaka rangi nne. Nikazungusha.

"Usizungushe. Watu watakaa hapo, siyo wapate kizunguzungu."

Nikaipindua kama kwenye kioo, kulia na kushoto zikatazamana. Akasogeza kigoda karibu. Nikaendelea kubofya, akanigonga begani.

"Rudisha ile. Hiyo. Ila huyo mwekundu wa katikati mtoe, ana kiherehere."

Nikamtoa mwekundu. Alikuwa na kiherehere kweli. Siku mbili tulikaa hivyo, tunabishana na kucheka, na mimi nikasahau kula, jambo ambalo halijawahi kuripotiwa nyumbani kwetu.

Siku ikafika. Bi Mwanahawa akaingia na wenzake, anatabasamu kama mwanafunzi aliyeuona mtihani jana yake. Mkeka ukakunjuliwa. Pembeni akaitikia kwa kichwa, anapajua. Ulipofika katikati, tabasamu likasimama.

Akapiga magoti. Akaweka kidole, midomo ikaanza kuhesabu. Akafika mahali akarudi mwanzo. Akarudi tena. Mama anatazama paa kama mtu anayetafuta panapovuja.

"Nakshi ya wapi hii?" Bi Mwanahawa akauliza.

"Ya hapahapa nyumbani."

Akarudi kuhesabu. Wenzake walipoitwa kwenye pilau, yeye akagoma kunyanyuka. "Nileteeni hapahapa," akasema, kidole kiko kwenye zambarau, anaogopa kupoteza hesabu.

Wageni walipoondoka, Mama alinijia na sahani yangu.

"Ile nakshi nyingine yenye kijani kingi, uliifuta?"

"Hapana, ipo."

"Usiifute."

Nilichojifunza wakuu: kabla hujaficha kitu, mjue kwanza unayemficha. Mimi niliwaficha watu wa mitandao, nikamsahau mwenye kazi yake.

Haya, nichekeni kwa zamu. Na kama kuna mtaalamu anayejua filter ambayo msukaji wa Kanga hawezi kuisoma, aiandike hapo chini. Mama ndiye aliyeniambia niulize.