Mgonjwa Ambaye Hakurudi Kliniki

Daktari wa upasuaji huandika ripoti kwa kidole kimoja, mkono wa pili ukipapasa pindo la koti kana kwamba unatafuta pa kushona. Utafiti wake na nesi wake ulilinganisha aina mbili za nyuzi za kushonea tumbo baada ya upasuaji, ya zamani na mpya, kila mgonjwa akipangiwa uzi wake kwa kura. Akifika kwenye jina la kila mgonjwa hunong'ona, "Huyu alikuwa mcheshi," na nesi aliyemzoea humsubiri.

"Yule mzee wa kofia hakurudi kliniki, daktari. Tumtoe tu kwenye hesabu, matokeo ya uzi mpya yatang'ara zaidi."

Kidole kikasimama. "Alitukabidhi tumbo lake, dada, akalala akituamini."

Akaandika kwamba mmoja hajulikani alipo. Kisha akapiga tena namba ya mzee isiyopokelewa, na nesi akamsikia akijizoeza taratibu, simu ikiita: "Shikamoo, mzee."