Zumari ya Shomari

Asubuhi moja niliondoka Mchukwi bila kujua niendako, zumari ya Shomari nimeificha ndani ya shati la mtumba. Shomari, mpangaji mwenzangu, zamani alikoroma kunizidi. Tangu aanze kupuliza zumari kila siku, misuli ya koo iliimarika, akaacha kukoroma, akawa analala fofofo, kimya. Mwenye nyumba akamsifu yeye, mimi akanifukuza kwa kukoroma. Wivu ulinichoma.

Kufika Mbwara, Bi Sauda alinipa chumba baada ya mimi kumwapia kwamba usiku sisikiki. Alasiri hiyohiyo nikajificha uani, nikapuliza mpaka mashavu yakauma. Mara ua ukajaa wanawake wamejifunga kanga viunoni, wakipiga vigelegele.

“Zumari imelia, mgeni,” Bi Sauda akasema. “Harusi ya nani?”

Nikainamisha kichwa.

“Hakuna harusi, mama. Nakoroma.”