Kikiimba Hapa Hakirudi

Mume wangu Sebastian ni fundi redio, na kwa miaka zaidi ya thelathini ukuta wa kibanda chake hapa Mpemba umekuwa na maneno matatu aliyoyaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: KIKIIMBA HAPA HAKIRUDI. Wateja wote wanajua maana yake. Anaiwasha redio mbele yako, inaimba, unalipa, unaondoka nayo. Ikinyamaza ukifika kwako, shauri yako. Sebastian si mtu wa kupiga kelele. Ukirudi na malalamiko anaonyesha ukuta kwa bisibisi, kisha anaendelea na kazi.

Hukumu hiyo mimi naijua kuliko mtu yeyote. Mwaka tisini na tano, nikiwa msichana wa Itaka, nilinunua kwake redio aliyokuwa ameifufua. Pale kibandani iliimba kama kwaya ya Pasaka. Nilipofika nyumbani ikawa bubu. Nikairudisha, akaonyesha ukuta. Hata kigoda hakunipa. Nikaja tena, safari hii kwa matusi, akaonyesha ukuta. Mara ya tatu alininunulia soda, na yaliyofuata ni ndoa na watoto watatu, lakini redio hakuigusa. Mimi nami sikumbembeleza. Niliifunga kwenye kitenge nikaiweka juu ya kabati, na kila nikifuta vumbi humo chumbani namkumbusha. Mtu anaweza kumpenda mumewe na kinyongo kidogo kikabaki.

Siku hizi redio haziletwi. Watu wanasikiliza simu zao, zikiharibika wanatupa. Wiki nzima kibandani wanaingia wateja wawili, na mmoja wao amekuja kuulizia njia. Sebastian hakulalamika. Alianza tu kuzipanga skrubu zake kwa ukubwa, kuzimwaga, na kuzipanga tena. Nikajua anaumia.

Ndipo likaja suala la Grace, kitinda mimba wetu. Alikuwa amemaliza chuo Mbeya, amesomea kuchora ramani za nyumba, na mteja wake wa kwanza kabisa alikuwa Mwalimu Raphaeli wa Nanyala. Mwalimu alitaka ramani yake Ijumaa bila kukosa, kwa sababu mafundi wa msingi walikuwa wanaanza Jumamosi. Kazi ikiwa nusu, Jumapili baada ya ibada, laptopu ya Grace ikazimika. Sebastian akaifungua, akainusa kama anavyonusa kila kitu chenye umeme, akasema bodi imeungua, diski tu ndiyo nzima. Ramani ilikuwa humo kwenye diski. Grace hakulia, ila alikaa ameshika kikombe cha chai hadi kikapoa. Mteja wa kwanza ukimwangusha, wa pili anamsikia.

"Niachie mimi," baba yake akasema. "Nitakuundia kompyuta ya mezani, vipande vya mtumba, na diski yako tutaitia humo."

"Baba, umewahi kuunda kompyuta?"

"Umeme ni umeme."

Jumatatu tulikwenda mimi na yeye kwa Fauzia, dada mmoja kutoka Kigoma anayeuza kompyuta zilizotumika, nzima na vipande, kwenye duka dogo pale Tunduma mjini. Nilikwenda kwa sababu namjua mume wangu: akiachwa peke yake na vyuma anasahau kula. Na lazima niseme ukweli, siku ile alinifurahisha. Fauzia alipomletea pawasaplai, lile kasha la kugawa umeme, Sebastian alinichomoa kibanio cha nywele kichwani bila kuomba ruhusa, akaunganisha waya wa kijani na mweusi, feni ikazunguka. Akapima kila waya kwa mita yake. Hakuridhika. Akaomba kuifungua, na ndani akakuta kapasita moja imevimba kama shavu la mwenye jino bovu.

"Ingewaka wiki mbili, halafu basi," akasema. "Nitaibadilisha mwenyewe, ninazo nzima kwenye televisheni za zamani."

"Baba yangu, kumbe wewe ni mtaalamu," Fauzia akasema, naye alimaanisha. Nilimwona Sebastian akinyooka mgongo, kitu ambacho sikukiona mwaka mzima. Vijiti vya RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, alivisugua meno yake kwa ufutio wa penseli mpaka yakang'aa. Bodi kubwa, ile inayobeba kila kitu, Fauzia aliipima mbele yetu kwa prosesa yake mwenyewe, kile kidude ambacho ndicho ubongo wa kompyuta, kioo kikawaka maandishi meupe.

"Baba, chukua na prosesa hii hii," Fauzia akashauri. "Imekaa na bodi hiyo, zimeshazoeana."

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipompata. Sisi watu wa mpakani hatununui kitu kizima upande mmoja. Kitanda huku, godoro kule. Sukari upande ule, mafuta upande huu, na wiki ijayo kinyume chake. Anayemaliza manunuzi yote bila kuvuka tunamwona mgeni, au mvivu. Kwa hiyo Sebastian alimshukuru Fauzia, akachukua bodi bila prosesa, na Jumanne akavuka peke yake kwenda Nakonde, kwa Mzambia mmoja aitwaye Mulenga ambaye prosesa zake zina sifa ya kuwa rahisi. Naye Mulenga alimpimia kwenye bodi yake mwenyewe. Ikawaka vizuri tu.

"Nimeambiwa kitu kilichopimwa mbele ya macho yangu hakirudi," Sebastian aliniambia jioni, anacheka. "Yule bwana anafanya kazi kama mimi."

Jumatano mchana alitandaza shuka mezani akaanza kuunda. Pawasaplai tayari, RAM tayari. Ikafika zamu ya prosesa, na prosesa ikakataa kulala kwenye kitako chake. Upande mmoja unaingia, mwingine unanyanyuka. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Jasho likaanza kumtoka puani.

"Mama Grace," akasema bila kuinua macho, "niletee tupa ndogo."

Nilikuwa nimeshaishika mkononi. Nimemwona akikwangua mabati ya betri, vishikio, hata meno ya gia, na vyote vikakaa. Lakini Grace alitoka chumbani, akainama juu ya meza, akaangalia mapengo mawili madogo yaliyokatwa kwenye ukingo wa ile prosesa, akatoa simu yake na kusoma kidogo.

"Baba, usikwangue. Usibonyeze pia. Chini yake kuna visindano vingi sana, kikipinda kimoja bodi imekwenda." Aliongea polepole, kama anaongea na mgonjwa. "Bodi yetu ni ya kizazi cha tatu. Hii prosesa ni ya kizazi cha nne. Zote mbili nzima. Hazikai pamoja."

Sebastian aliiweka chini prosesa. Alinitazama, akamtazama binti yake, akatoka akasimama barabarani anaangalia malori. Niliumia kwa ajili yake, na nilimkasirikia pia. Bodi imepimwa, ikaimba. Prosesa imepimwa, ikaimba. Mtu wa kulaumiwa alikuwa mmoja tu, na Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Aliporudi alisema, "Vaa viatu. Beba bodi, mimi nabeba hii."

Tuliondoka Mpemba saa kumi kasoro robo. Nakonde saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima, kwa hiyo tulifika kabla hatujaondoka, na Mulenga alikuwa bado hajafunga. Njiani nilimpa mume wangu shauri ambalo mpakani hapa kila mtu angempa.

"Mwambie ilizima jana ileile ulipofika."

"Haikuzima."

"Baba Grace, ukimwambia nzima, atakurudishia kwa lipi?"

Aliitia prosesa mfuko wa shati, akafunga kifungo. Bodi niliipakata kifuani, nimeifunga kwenye boksi la sabuni.

Mulenga ni mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alituona kwa mbali na uso wake ukajifunga.

"Mulishani, batata," akasalimia kwa Kibemba, akimwita baba kwa heshima, halafu akahamia Kiswahili cha mpakani. "Batata, usianze. Mimi nilipima, wewe uliona."

"Niliona," Sebastian akasema. "Prosesa yako ni nzima. Haina kosa lolote. Kosa ni langu, niliinunua bila kuja na bodi yangu. Sikuja kulalamika, nimekuja kuomba. Mimi ni fundi. Huko kwetu nina ukuta unaosema maneno kama yako, na sijawahi kumrudishia mtu kitu. Kwa hiyo ukikataa, nitakuelewa. Ila binti yangu ana kazi ya Ijumaa."

Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumsikia mume wangu akiomba. Nilitamani ardhi ipasuke, na papo hapo nilitamani kila mtu wa Mpemba awepo amsikie.

Mulenga alivua miwani, akaipangusa kwa shati.

"Miaka sita niko hapa," akasema. "Kila anayerudi anasema nimemuuzia maiti. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia kitu changu ni kizima." Akachungulia chini ya meza, akavuta benchi fupi, akalipiga vumbi kwa kiganja. "Ikaleni, batata. Na wewe mama. Kaeni tuione hiyo bodi."

Tukakaa. Akatoa kopo la maziwa ya unga lililojaa prosesa, akachambua kama mtu anayechagua mchele. Ya kwanza ilikaa lakini haikuwasha kitu. Ya pili Sebastian aliishika yeye mwenyewe, akalinganisha mapengo kwa kucha, akailaza. Ikalala bila kusukumwa. Mulenga akachomeka umeme wake, na kwenye kioo yakaja maandishi meupe.

"Natotela," Sebastian akasema, asante kwa lugha yao, akalirudia mara mbili.

Alhamisi asubuhi diski ya Grace iliwaka ndani ya kompyuta ya baba yake, na ramani ilikuwemo, nusu ilivyokuwa. Alichora siku nzima. Sebastian alikaa nyuma yake anasikiliza feni, na kila baada ya muda anauliza kitu: hiki kinafanya nini, kile kinakwenda wapi. Grace alimjibu yote. Ijumaa saa saba Mwalimu Raphaeli aliondoka na ramani yake imekunjwa kwapani, na alikuwa ameshataja jina la shemeji yake anayetaka kujenga Vwawa.

Jumamosi niliamka, nikapanda kwenye stuli, nikaishusha redio yangu. Nilisubiri afungue kibanda, nikaenda kama mteja, nikaifungua kitenge mezani kwake chini ya zile herufi nyekundu.

"Fundi, nimerudisha. Haiimbi."

Aliigeuza akaitazama mgongo. "Ulinunua lini?"

"Mwaka tisini na tano."

"Iliimba hapa?"

"Iliimba."

Nilisubiri aonyeshe ukuta. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake. Alivuta kigoda kutoka chini ya meza, akakipangusa kwa kiganja, akakisogeza upande wangu.

"Keti, mama," akasema. "Tuione."