Nilivyomfundisha Shemeji Kizazi cha Tisa

Jamani, nimeshajicheka mwenyewe, nanyi chekeni tu. Hapa nyumbani Kambarage nina kompyuta ya kuchezea gemu, na prosesa yake, yaani ubongo wake, ilikuwa ya kizazi cha nane. Shemeji yangu Masanja, dalali wa dhahabu kule Nyarugusu, alinishauri niiache hiyohiyo, niongeze tu kumbukumbu yake, ile RAM. Nikamcheka. Nikamwambia cha nane ni mkokoteni, mimi nataka cha tisa. Nikanunua ya mtumba.

Jumamosi akaja kushuhudia. Ile ya tisa nilikuwa nimeikunja kwenye karatasi kama madalali wanavyokunja dhahabu, nikaitia kwenye mfuko wa shati ili mapacha wangu wasiichezee. Nikafungua kompyuta, nikatoa prosesa ya zamani, nikaifuta ikang'aa, huku nikimhubiria Masanja habari za vizazi. Kisha nikapachika, nikafunga. Joto likanizidi, nikavua shati.

Gemu la magari likawaka.

"Mnaona linavyoteleza? Hicho ndicho kizazi cha tisa!"

Mapacha wakashangilia. Masanja akainua mikono. "Shemeji, nimekubali. Nilikuwa mshamba."

Nikampigapiga begani, nikamsamehe.

Ndipo mke wangu akatokea uani, mikono imejaa povu, ameshika karatasi iliyokunjwa. "Baba Kulwa, hiki kidude nimekikuta kwenye mfuko wa shati lako. Nacho nikifue?"

Masanja akaikunjua karatasi, akatazama ndani, akanitazama mimi. Kisha akavuta kiti chake karibu na skrini, taratibu kabisa.

"Kumbe cha nane kinateleza hivi!"